Asilimia Tatu

Hajnówka, Septemba. Mvua imeshinda siku tatu,
na mji mzima una kikapu mkononi.
Hapa mtu atakupa ufunguo wa nyumba yake
lakini hatakuonyesha penye uyoga wake.

Mimi nina kompyuta mbili na chai iliyopoa.
Miezi saba nimejenga, uso wa mbele na tumbo la nyuma,
JavaScript tupu, kutoka kitufe hadi ghala la data,
kama fundi aliyekata nguo, akashona, akapiga pasi peke yake.
Majaribio mia nne na kumi na mawili yamepita:
kijani, kijani, kijani.
Picha nimezipunguza uzito
zipenye kwenye mtandao mwembamba wa msituni.
Na katikati ya yote nimeiketisha akili mnemba,
iliyolishwa picha laki mbili za uyoga
na haijawahi kuonja hata mmoja.

Katika lugha hii kazi inayokawia haikupi jibu,
hukupa ahadi.
Unaandika: ngoja. Programu inangoja.
Ahadi hutimia au hukataliwa, ya tatu haipo,
ndivyo nilivyofundishwa.
Kumbe ipo:
kutimiza kwa uongo, tena kwa adabu.

Wincenty, mwenye fedha, alitaka alama ya vyema,
kubwa, iwake skrini nzima.
"Watu hawalipii shaka," alisema. "Wanalipia jibu.
Ijumaa tunazindua."

Alhamisi akaja Halszka, muuguzi wa wodi ya ini kule Białystok,
viatu vikilia maji juu ya zulia.
Hakuuliza seva iko wapi.
Alitoa simu, akapakia picha moja iliyopigwa kutoka juu:
kofia ya kijani, shina limekatwa safi kwa kisu.

Ngoja.

Ngoja.

"Kinjiwa cha kijani. Asilimia tisini na saba. Kaanga kwa siagi."

"Picha hii," akasema, "ililetwa pamoja na kikapu,
na kikapu kililetwa pamoja na watu watatu.
Baba, binti, na mgeni wao wa chakula cha jioni."
Akafuta miwani kwa ncha ya skafu.
Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Ndipo nikaona kilichokosekana katika zile laki mbili:
mguu. Kile kifuko cheupe kinachobaki udongoni
kisu kikipita juu yake.
Sumu huvaa soksi,
nasi tulikusanya kofia.

Usiku ule sikuandika kipya, nilifuta.
Nilifuta alama ya vyema. Nilifuta siagi.
Nilifuta neno "kula" mahali thelathini na moja,
moja nililisahau, nikarudi saa tisa kulifuta.
Kisha jaribio la mia nne na kumi na tatu,
ambalo hupita pale tu programu inaposhindwa kujibu:
shina likikosa mguu, sema sijui.
Sema chimba, usikate.
Sema nambari ya simu ya wodi.
Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi,
na ulimi huu
ni mimi niliyeutia kinywani mwa mashine.

Ijumaa Wincenty hakunisalimia.
Jumamosi pia.
Tulizindua Jumanne, bila keki.

Niliitazama seva kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa:
ombi, jibu, ombi, sijui,
sijui, ombi, sijui.

Oktoba, saa tano usiku, yakaingia maoni ya kwanza. Nyota moja.
"Upuuzi mtupu. Nimeuliza mara nne, inasema haijui.
Uyoga wote nimeutupa jaani. Tumekula viazi."

Nikayasoma nimesimama, koti bado mwilini.
Ana hasira. Ana njaa kidogo.
Na kumbukumbu za seva zinaonyesha
kwamba saa moja na dakika sita asubuhi
aliingia tena,
akapiga picha ya mguu.